Kiyoyozi cha Pijo la Babu Yako

Kabula mwanangu,

Ukiisoma barua hii usishike kalamu nyekundu. Najua mkono utakuwasha. Mimi ni mtu wa kidato cha pili, tena hicho kidato hatukuachana kwa wema, na wewe kuanzia Jumatatu ni mwalimu wa hesabu mwenye darasa lake huko Geita. Makosa yangu ya herufi yaache yalivyo. Ni ya ukoo, hata wewe unayo machache, usijifanye.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala kusali, wala kufunga mlango kabla ya giza. Hizo mama yako ameshakupa, na amezirudia mpaka kuku wote wa hapa Ngokolo wamezikariri. Mafuta yako ya jua ameyaweka kwenye begi dogo ili usiyatafute, kofia ziko juu. Mimi kazi yangu ni magari, kwa hiyo nitakuandikia habari za gari. Ukiona nimetoka nje ya barabara, nivumilie, nitarudi.

Hivi sasa mmekwenda kwa shangazi yako kuaga. Nimekaa kwenye kiti cha mbele cha Pijo, upande wa kushoto, na karatasi nimeilaza juu ya ule ubao wa mama yako wa kukatia mboga. Akiutafuta, hujui uliko. Jua linazama, lakini joto la Shinyanga unalijua, lenyewe halizami nalo. Nimewasha kiyoyozi. Ndiyo, nimewasha injini nzima ili niandike barua. Gari ni langu na mtoto ni wangu.

Jambo lenyewe ni hili. Baba yako mkubwa Shija anataka tuondoke saa kumi za usiku, tupite Kahama watu wakiwa bado wamelala, na kukikucha uwe umeshaingia ndani ya geti la shule bila mtu kukuona. Mimi nataka tuondoke saa nne asubuhi, jua likiwa juu na barabara ikiwa imejaa watu. Tumebishana wiki nzima, wewe umetusikia hata tulipojifanya tunaongea habari za ng'ombe. Mama yako amenyamaza, na kimya cha mama yako mimi mpaka leo sijajua kukisoma. Nataka ujue mimi nimetoka wapi mpaka nikafika kwenye hiyo saa nne. Ndani ya gari sitaweza kukuambia, maana nikishika usukani huwa nasema uongo wa kujisifu, unanijua.

Basi nianze na sifa, kwa kuwa hizi ni za kweli. Kati ya Shinyanga na Geita hakuna Pijo 404 jingine lenye kiyoyozi. Kama lipo, mwenye nalo alilete hapa tufunge vioo, tuone nani atatoka jasho kwanza.

Babu yako alilinunua kwa pamba, likiwa limeshatumika, na siku alipolileta nyumbani ng'ombe walivunja zizi kwa kulikimbia. Alipofariki, Shija akachukua ng'ombe, mimi nikachukua gari. Ukoo mzima ulinicheka. Ng'ombe anazaa, waliniambia, hilo bati lako litazaa nini. Nikawaambia litazaa wivu. Sikuwa na hata betri ya kuliwashia.

Walioliunda hawakuliwekea ubaridi. Waliliwekea vioo vya kushusha kwa mkono na feni ndogo inayopuliza kama mzee anayepoza chai, wakaona inatosha. Kwa watu wengi ilitosha. Nami niliona inatosha, nikiendesha kwa mkono mmoja, kiwiko nje, miwani ya jua ya kuazima, kijana wa ishirini na kitu mwenye gari. Halafu tukakupakia wewe.

Hukumbuki, ulikuwa hujamaliza hata kuota meno. Tulikuwa tunakwenda Kagongwa kumwonyesha bibi yako mjukuu. Mama yako alikaa hapa nilipokaa mimi sasa, amekupakata. Jua lilikuwa upande wenu wakati wa kwenda, na jioni tulipogeuza kurudi, likawa upande wenu tena, kama limetumwa. Mimi naimba. Mama yako akasema, "Masanja, funga kioo." Ukimsikia ananiita Masanja badala ya Baba Kabula, ujue hali ni mbaya. Nikafunga. Kidogo tu, gari likawa tanuri, ukalia mpaka sauti ikakauka. Nikafungua, upepo ukaja, na jua likaja nao. Tulipofika nyumbani mkono wako wa kushoto ulikuwa na malengelenge kuanzia begani mpaka kwenye vidole. Kufungua unaungua, kufunga unaiva. Yale malengelenge yalipona, lakini mimi kuanzia hapo nikawa dereva wa usiku.

Tungeweza kubaki hapo, watu wa kukwepa jua tu. Lakini palikuwa na jambo jingine na unalijua.

Ulipozaliwa nilikuwa shimoni, Geita. Habari ilinifikia kwa simu ya mwenye duara, yaani mwenye shimo letu, kwamba mke wangu amejifungua mtoto wa kike na ana ualbino. Nikawaambia wenzangu niliokuwa nachimba nao. Mmoja wao, mtu niliyekula naye sahani moja, akasema, "Sasa wewe unachimba nini huku, na dhahabu unayo nyumbani?" Wengine wakacheka. Walicheka kwa sababu kule kulikuwa na watu walioamini waganga, kwamba kiungo cha mtu kama wewe kikizikwa mdomoni mwa shimo, mawe yanafunguka.

Nimekuhadithia mara nyingi kwamba nilimpiga ngumi akaangukia ndoo ya mawe. Kabula, sikumpiga. Nilipanda ngazi, nikachukua nguo zangu, nikadandia lori la mchele mpaka nyumbani, sikugeuka nyuma. Ile ngumi niliiongeza baadaye, ulipokuwa darasa la tatu, kwa sababu sehemu hiyo uliipenda sana, na mimi napenda kupendwa.

Halafu ikaja miaka ya hofu. Shija aliwaachia watoto wake ng'ombe, akaja kulala kwenye baraza yetu, mlangoni pako, na panga chini ya mkeka. Alilala hapo masika na kiangazi. Mimi nilikuwa nalala ndani na mama yako, yeye analala na mbu. Kwa hiyo mwanangu, ukimsikia anasema tuondoke usiku, usimwone mtu wa zamani. Ninapomkatalia, namkatalia mtu ambaye nina deni naye lisilolipika, na bado namkatalia.

Ni yeye aliyenishauri niweke vioo vyeusi. Yule kijana anayepamba bajaji pale stendi akanibandikia plastiki nyeusi tii, kote isipokuwa kioo cha mbele. Ulikua ndani ya gari hilo. Usiku, nyuma, kitenge kichwani, plastiki dirishani. Nilijiona baba hodari kupita wote.

Siku moja umerudi likizo, uko kidato cha tatu, unakula karanga hapo mlangoni, ukaniuliza, "Baba, hivi Isaka ikoje?"

"Isaka si umepita mara kibao?"

"Nimepita," ukasema. "Sijaiona."

Ukaendelea na karanga zako. Mimi usiku ule sikulala, na asubuhi nikaanza kutafuta kompresa ya kiyoyozi.

Sasa hapa niache nijisifu kidogo, maana ni haki yangu. Mafundi wote wa hapa mjini waliniambia haiwezekani. Mmoja akaniambia, "Masanja, gari la umri huo unaliwekea eisii? Si umnunulie tu bibi yako raba za kuchezea mpira." Nikamjibu, "Bibi yangu angezivaa na angekufunga magoli." Kompresa niliitoa kwenye gari dogo lililopinduka huko Tinde. Ikawa haina pa kukaa, injini ya Pijo haikuachiwa nafasi ya mgeni. Nikaenda kwa rafiki yangu mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, akanipa kipande cha bamba lake lililochakaa. Chuma kile kimeponda mlima, hakiogopi mtikisiko. Nikakikata, nikakitoboa, kikakaa ubavuni mwa injini kama kilizaliwa nayo. Puli ya njia mbili nikachongewa na mtu wa mashine ya kuchonga vyuma. Dainamo ya kizamani nikaitupa, ikaingia altaneta, maana ile ya zamani ukiwasha feni taa zinasinzia. Jiko la ubaridi, kile kisanduku kinachopoza hewa, nikalificha chini ya dashibodi, mahali ambapo babu yako alikuwa anaweka tumbaku. Mpaka leo kiyoyozi kikianza kupuliza, pumzi ya kwanza ina harufu yake. Hilo sikulipanga, lakini nikiulizwa nasema nililipanga.

Kosa la kwanza lilikuwa kondensa, ile ya kutupa joto nje. Niliibana mbele ya rejeta bila kuacha nafasi ya upepo, gari likachemka kabla ya kutoka mjini, nikarudishwa nyumbani kwa kamba nikivutwa na trekta, watoto wanakimbia nyuma. Nikaisogeza, nikaongeza feni. Kosa hilo ni la ufundi. Linauma siku moja, kisha unalisimulia.

La pili silisimulii kwa mtu. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa upande wa ndani, kwa hiyo acha nikuandikie nilivyoliona kutoka nje.

Ili ubaridi usitoke, niliziba kila tundu la gari. Sakafu niliziba kwa mpira wa tairi, milango nikaizungushia raba. Hapo nilikuwa fundi. Halafu nikaingia mlango wa nyuma na bisibisi, nikang'oa vile vishikio vya kushushia vioo, na vya kufungulia mlango kwa ndani. Nilijiambia, mtu akilizingira gari, hataweza kumshawishi Kabula afungue. Nilijiambia tena, joto si halipo, kioo atashusha cha nini. Vishikio nikavitia kwenye kopo la misumari. Hapo sikuwa fundi tena, nilikuwa mtu mwenye hofu ameshika bisibisi, na nakuambia hakuna chombo kibaya kama hicho.

Tukatoka mchana, safari yako ya kwanza ya mchana tangu yale malengelenge. Kiyoyozi kinapuliza, mimi naringa, nakuonyesha kila kitu kupitia kioo cheusi. "Isaka hiyo, umeiona?" Ukasema, "Naona kivuli chake." Nikacheka. Nilidhani unatania.

Kagongwa, mbele ya mashine za kukobolea mpunga, mkanda ukakatika. Ule mmoja nilikuwa nimeuzungusha kompresa na pampu ya maji pamoja, kwa ujanja wangu, kwa hiyo ulipokatika ubaridi ukaisha na injini ikachemka kwa pamoja. Nikafungua boneti. Unajua Pijo likifungua boneti barabarani, watu hawaitwi. Wakaja wabeba magunia, wakaja bodaboda, akaja kila mtu aliyewahi kuwa na mjomba mwenye Pijo. Na mimi nikawa na akili moja tu, wasijue kuna nani ndani. Nikainama dirishani kwangu nikakuambia, "Jifunike, tulia, ni dakika tu." Nikafunga kioo changu pia.

Mwanangu, ilikuwa saa saba mchana, gari jeusi vioo, halina tundu. Mimi nipo nje namwaga maji kwenye rejeta na kupiga porojo ili watu wanitazame mimi. Nawaeleza habari za bamba la karasha. Nawachekesha. Kumbe nyuma wewe unatafuta kishikio kwa kupapasa, kwenye mlango ambao hauna kishikio.

Kisha mlango wangu ukafunguka. Ulikuwa umepanda juu ya kiti ukapita mbele. Ukashuka, nguo zimelowa, kofia mkononi, ukasimama katikati ya watu wote wale mchana kweupe. Ukavaa kofia yako taratibu.

Ukasema, "Baba, hiki ulichonitengenezea ni friji."

Nikasema, "Ni kiyoyozi, mwanangu." Mpumbavu mimi, nasahihisha.

"Gari lenye kiyoyozi lina dirisha. Friji ndiyo haina. Na kwenye friji wanaweka nyama. Mimi si nyama."

Hukupaza sauti. Nimeshapigwa na mkono wa gia, nimeshaangukiwa na jiwe shimoni, sijawahi kupigwa vile. Kwa sababu wewe na mimi tulijua ni akina nani wanaokuona nyama, na hapo ukanihesabu nao.

Nilisubiri kitu kibaya kitokee. Nilikuwa nimeshika spana, na haikuwa kwa ajili ya nati. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akasema, "Ng'wanone, mwanangu, njoo huku kivulini, mwache huyo na friji lake." Watu wakaangua kicheko, wananicheka mimi. Ukaenda ukakaa juu ya gunia, akakupa maji, mkaanza kuongea kama mlikuwa mmeahidiana. Nikasikia anakuuliza unasoma nini, ukasema hesabu, akasema, "Basi nikokotolee hawa wanaoninyonya kwenye mizani." Ukamkokotolea.

Akaja kijana mmoja, nguo zote vumbi jeupe la mawe, mchimbaji huyo, hata bila kuuliza unamjua. Akakutazama muda mrefu. Nikaikaza spana. Akanigeukia akasema, "Mzee, mkanda wako ni saizi gani?" Akaondoka, akarudi na mkanda wa zamani wa mashine ya kukoboa, ulikuwa mpana kidogo, tukauchonga pembeni kwa kisu mimi na yeye tumeinamia injini moja. Sikumwambia nilikuwa nataka kumfanya nini. Nilimwambia asante, wabeja, akasema usijali mzee, akaenda zake. Na mimi wakati huo sikuwa mzee hata kidogo, hilo nalo liliniuma.

Sikuandikii hivi ili uone watu wote ni wema. Niliwasikia kwa masikio yangu kule shimoni, na wale waliocheka walikuwa na sura za kawaida kabisa, wengine walikuwa na watoto. Nakuandikia kwa kuwa mimi niliwahesabu wote kuwa kitu kimoja, na wewe nikakuhesabu kuwa mzigo wa kupitisha kati yao. Vishikio nilivirudisha jioni ileile, umekaa hapo unanitazama na hunisaidii kushika tochi. Nilistahili.

Ila plastiki sikuitoa. Tangu siku ile umemaliza shule, umemaliza chuo, umepata kazi, na Pijo bado lilikuwa na vioo vya msibani. Nilisema ni kwa ajili ya jua. Ukasema sawa baba, kwa ile sauti yako ya kumpa mwanafunzi sifuri bila kumwaibisha.

Leo mchana, mlipokuwa mnapanga mabegi ndani, nilichemsha maji, nikachukua wembe, nikaanza kukwangua. Plastiki ile imekaa miaka, imeshikana na kioo kama ngozi. Nilikuwa kwenye mlango wa nyuma Shija alipotokea na fimbo yake.

"Unafanya nini?"

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimeuliza unafanya nini."

"Naosha gari."

"Na wembe?"

"Uchafu wake umezeeka."

Akalizunguka gari lote. Akachungulia ndani kupitia kioo nilichokimaliza, akaona mpaka kiti cha pili na ukuta wa nyumba upande wa pili. "Masanja," akasema, "huko unakompeleka ndiko kwenye mashimo. Wewe mwenyewe ulikimbia huko."

"Nilikimbia."

"Halafu unampitisha mchana, kwenye kioo kama cha duka."

Hapo nikaacha wembe. Nikamwambia, "Kaka, anakwenda kufundisha. Jumatatu atasimama mbele ya ubao, darasa zima linamtazama. Jumanne tena. Ataenda sokoni kununua nyanya. Nikimwingiza usiku kama mali ya magendo, wakimwona asubuhi watajiuliza kaletwa na nani, mbona kafichwa, ana watu huyu au hana. Mimi nataka wamwone anashuka. Wamwone na baba yake, kwenye gari linalong'aa, wajue kwao wapo, na wanakuja."

Akasema, "Na jua?"

Hilo nilikuwa nimelingojea. Nikamwonyesha kioo chako cha mbele kushoto. Nimebandika plastiki nyingine hapo, niliitafuta mpaka Mwanza, haina rangi kabisa, ni kama maji, lakini inachuja yale makali yanayounguza. Mafuta yako utapaka, kofia utavaa, na shati la mikono mirefu. Zamani shati la mikono mirefu ndani ya Pijo lilikuwa adhabu. Sasa utalivaa na utaomba na sweta. Hiyo ndiyo kazi ya kiyoyozi, Kabula. Nilikifunga kwa sababu nzuri, halafu nikakitumia kwa sababu mbaya, na kumbe chenyewe hakikuwa na tatizo, kilikuwa kinapuliza tu.

Shija akagonga tairi kwa fimbo kama anakagua dume mnadani. Mwisho akaniuliza, "Huo ubaridi unafika kiti cha nyuma?"

"Unafika mpaka kwenye buti."

"Basi mimi nitakaa nyuma."

"Kaka, si umesema..."

"Nimesema nitakaa nyuma. Ukipita mchana, upite na mimi. Na hiyo mashine yako usiipandishe sana, nina kifua."

Kwa hiyo jiandae. Utasafiri na mzee mwenye fimbo na koti la sufu, ambaye ataanza kulalamika baridi kabla ya Tinde. Nafikiri panga atalileta pia. Nimemwambia litakaa kwenye buti, chini ya begi lako la vitabu, hatukukubaliana vizuri.

Ninaogopa, mwanangu. Niandike wazi, maana kesho nitakuwa napiga mluzi na utadhani siogopi. Ninaogopa kila mtu atakayekutazama sekunde moja zaidi ya kawaida, na nitaogopa ukiwa huko na mimi nipo hapa nimelala chini ya gari la mtu. Hofu hiyo haikuisha Kagongwa. Nilichofanya ni kuinyang'anya bisibisi.

Na kwa kuwa kule Kagongwa nilikosea kwa kutokuuliza, leo nakuuliza. Ukitaka tuondoke saa kumi za usiku, niambie tu, nitawasha gari bila neno, na Shija nitamwambia ameshinda, ingawa itaniua kumwambia. Wewe ndiye unayekwenda. Ukitaka kukaa nyuma, kaa. Ukitaka kushusha kioo na kuupoteza ubaridi wangu wote barabarani, kishushe, kishikio kipo na nimekipaka grisi.

Ila ukisema saa nne, basi sikiliza dereva wako alivyopanga. Utakaa mbele, upande wa kushoto, karibu na kioo, kwa sababu macho yako yanataka vitu viwe karibu na mimi nitasogea karibu navyo. Isaka tutasimama, uione, na ukiona haina cha ajabu usinilaumu mimi sikuijenga. Kahama tutakula wali mezani, nje, kwenye kivuli, watatu. Watakaotutazama nitawasalimia kwanza mimi, kwa sauti, mpaka waone aibu au waitikie. Magari mengine yatatupita, mabasi yatatupigia honi, yaache yapite, yana haraka yao. Na kila tutakapofika penye watu wengi, hapo ndipo nitapunguza mwendo.

Wako, anayezima injini sasa kwa kuwa nawasikia mnarudi,

Baba Kabula